Nimefunga keneli kwenye Synaptic, ikapanda hivyo hivyo. Synaptic na apt haziongei?

kibatari_tz

Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie maana hapa kichwa kinauma. Natumia Ubuntu 22.04, laptopu ya zamani, wifi ya ndani ilishakufa kitambo kwa hiyo nimechomeka kile kidude cha USB cha wifi ambacho draiva yake haimo kwenye keneli (kiini cha mfumo wa Linux), kuna fundi aliikompaili akaniwekea na akanisisitiza kabisa kwamba keneli isiguswe, ikibadilika tu wifi hakuna. Nikaingia Synaptic, ile programu ya madirisha ya kuinstoo pakeji, nikatafuta linux-generic-hwe-22.04, menyu ya Package, nikatiki Lock Version, ikatokea alama ya kufuli pale pembeni nikajua hapo mambo safi.

Juzi nimepiga sudo apt upgrade kama kawaida ya watu, nimekuja kuwasha mashine baadaye wifi imeyeyuka. uname -r inaniletea keneli mpya. Sasa hivi naandika kwa bando la simu, waya wa USB unaning'inia. Yaani kufuli nimeweka na bado imepita! Synaptic na apt si kitu kimoja kweli, moja ina madirisha nyingine ya terminali?

Halafu lingine, Synaptic ikiwa wazi nikienda terminali nakutana na hii:

Waiting for cache lock: Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 4127 (synaptic)

Na saa nyingine nimewasha tu mashine, hata sijafungua kitu, sudo apt update inagoma:

E: Could not get lock /var/lib/apt/lists/lock. It is held by process 1187 (packagekitd)

Hiyo packagekitd mimi sijawahi kuiinstoo. Ni nani huyo na anafanya nini kwenye mashine yangu?

mchonga_waya

Hiyo ya lock ndogo sana mkuu

sudo rm /var/lib/dpkg/lock* /var/lib/apt/lists/lock
sudo dpkg --configure -a

umemaliza, endelea na maisha. Ya keneli subiri wenyewe waje.

shangazi_deb

Kibatari mwanangu usifute hayo mafaili. Mchonga, huu ushauri umezagaa intaneti nzima na ndio unaotuletea wagonjwa humu.

Lile faili lenyewe sio kufuli. Lipo pale muda wote hata kama hakuna programu yoyote inayoinstoo kitu, piga ls -l /var/lib/dpkg/lock-frontend sasa hivi utalikuta, baiti sifuri. Kufuli ni alama ambayo keneli inaiweka juu ya hilo faili kwa niaba ya prosesi fulani, wanaopenda kuchimba watafute fcntl, na hiyo prosesi ikifa, iwe imefungwa vizuri au imeuawa, keneli yenyewe inaitoa alama, na umeme ukikatika alama inapotea nayo. Kwa hiyo kwa dpkg, ile inayoinstoo pakeji yenyewe chini ya apt, hakuna kufuli lililobaki limeganda bila mwenyewe. Ukiambiwa limeshikwa, kuna prosesi hai imelishika, na apt ya siku hizi inakutajia mpaka jina na namba yake, kama ulivyoona hapo juu.

Sasa ukifuta faili, Synaptic bado inalishikilia lile la zamani, limepotea jina tu kwenye folda. Apt yako inakuja, haioni faili, inatengeneza jipya, inalifunga, inajiona iko peke yake. Ni sawa na kung'oa mlango wa choo cha stendi na kupachika mwingine wakati mtu bado yuko ndani. Zikianza dpkg mbili kuandika /var/lib/dpkg/status kwa pamoja ndio unakuta pakeji nusu zimeingia nusu hazijaingia, na hilo faili ndilo lenye kumbukumbu ya kila kitu ulichoinstoo, likiharibika unaanza kuomba Mungu kwamba status-old au zile nakala za /var/backups ziko salama.

Na hawa wa Debian hilo waliliona. Zamani kufuli lilikuwa moja, /var/lib/dpkg/lock, na apt ilikuwa inalazimika kuliachia kidogo ili dpkg iliyoitwa ilishike, pale katikati programu nyingine ikiwahi inaingia. Ndio maana 2018 wakaongeza hilo la lock-frontend, ambalo apt au Synaptic inalishika mwanzo mpaka mwisho bila kuachia. Watu wanafuta kitu kilichowekwa makusudi kuwalinda wao.

Cha kufanya: ukitajiwa synaptic, funga dirisha lake. Yenyewe inashika kufuli tangu inafunguka mpaka inafungwa, hata kama umeiacha tu unaangalia orodha. Ukitajiwa unattended-upgr, hiyo ni masasisho ya usalama yanajiinstoo yenyewe, iache imalize, usiiue na kill -9 hata kidogo. Ukitajiwa packagekitd kwenye lists/lock, mara nyingi inashusha orodha ya pakeji kwa ajili ya duka la programu, subiri kidogo, ikizidi sana ndio upige sudo systemctl stop packagekit, ila hakikisha kwanza haiinstoo kitu.

Na kuanzia apt 2.0 ya mwaka 2020 komandi ya apt ukiipiga terminali inasubiri zamu yake, ndio hiyo Waiting for cache lock. Huo sio ugomvi, iko foleni. Apt-get yenyewe haisubiri mpaka uiambie, kwenye skripti weka apt-get -o DPkg::Lock::Timeout=300 na kadhalika. Ila hilo la lists/lock haliingii kwenye kusubiri huku, ndio maana kule ilikugomea palepale.

Ya keneli nakuja, nina sufuria jikoni.

mchonga_waya

Shangazi heshima yako lakini mimi hii rm naifanya miaka na mashine haijawahi kufa. Na nilijifunza kwa watu wanaojua, tena kuna distro (aina ya Linux) yenyewe inakwambia kabisa kama una uhakika futa hilo faili.

samaki_mkavu

Mchonga hiyo distro itakuwa Arch au Manjaro, na hapo kweli uko sahihi ila sio kwa Ubuntu. Pacman, ndio apt ya huko, kufuli lake ni faili lenyewe, /var/lib/pacman/db.lck. Likiwepo maana yake pamefungwa, lisipokuwepo pako wazi, basi. Mashine ikizimika katikati linabaki pale na hakuna wa kulitoa ila wewe, kwa hiyo ukishahakikisha hakuna pacman wala pamac inayokimbia unafuta, ndio utaratibu wake. Nadhani watu wamebeba tabia ya huku wakaipeleka kule. Kwa dpkg mara nyingi utaponea kwa sababu prosesi iliyokuwa imeshika ilikuwa haijaanza kuandika, siku ikikukuta inaandika utarudi hapa na uzi wako.

Arch nako kuna balaa lake la madirisha na terminali. Discover ya KDE ikipitia PackageKit inarifreshi database nyuma ya pazia, wewe hujui, unaingia terminali unapiga pacman -S programufulani, inakushushia toleo jipya la hiyo programu na laibrari zake mpya wakati mfumo mwingine wote bado wa zamani. Apgredi nusu. Arch hawaisapoti kabisa, na ni vile tu umechanganya njia mbili. Wenye akili wanatumia checkupdates ya pacman-contrib, ile inaangalia masasisho kwenye nakala ya pembeni bila kugusa database yenyewe.

openSUSE ndio wanaojua adabu. Ukipiga zypper (apt ya kwao) wakati applet ya masasisho iko kazini inakwambia PackageKit is blocking zypper, halafu inakuuliza uiombe itoke au vipi. Unajibu yes, wakati mwingine inatoka, wakati mwingine unajibu yes mpaka unachoka.

Kuhusu swali la Kibatari kwamba packagekitd ni nani, hiyo ni huduma iliyoanzishwa na Richard Hughes mwaka 2007 ili maduka ya programu yenye madirisha yasihangaike kujua kama chini kuna apt, dnf, zypper au pacman. Duka linaongea na PackageKit, PackageKit inaongea na hao. Inakuja na desktop, hukuiinstoo wewe. Inaamka ikiitwa, ikikaa bila kazi inajizima.

nuru_mrima

Hamjambo jamani, mimi niko Mombasa naangalia kompyuta za maabara ya shule moja, zote Linux Mint. Naomba nimwambie Kibatari hayuko peke yake kwa hiyo ya kufuli kutosikilizwa, maana huku kwetu iko hivyo hivyo kwa sura nyingine. Ile Update Manager ya Mint ina sehemu ya Blacklist, unaiambia pakeji fulani usiniletee tena sasisho lake, na kweli haileti, haionekani tena kwenye orodha. Lakini mwalimu akifungua terminali akapiga apt upgrade yote yanaingia, kwa sababu ile orodha ni ya Update Manager peke yake, apt haijui hata kama iko. Kwa hiyo mimi siku hizi kitu nisichotaka kipande nakifungia chini kabisa na apt-mark hold, huko kwenye madirisha naacha.

shangazi_deb

Nuru amenirahisishia kazi. Kibatari, Synaptic na apt ni kitu kimoja na sio kitu kimoja, ngoja nieleze.

Chini wote wanatumia laibrari moja, libapt, na chini yake dpkg ileile. Kwa hiyo ukiinstoo kitu Synaptic, apt inakiona, ukikitoa kwa apt, Synaptic inajua. Hata ile alama ya kwamba pakeji fulani imekuja yenyewe kama tegemezi au umeiomba wewe iko sehemu moja, /var/lib/apt/extended_states, wote wanaisoma. Mpaka PackageKit inapewa taarifa, kuna kifaili /etc/apt/apt.conf.d/20packagekit ambacho kazi yake ni apt ikimaliza inaigonga PackageKit bega, nimebadilisha vitu, soma upya.

Ila Lock Version ya Synaptic haiandikwi huko. Inaandikwa kwenye /var/lib/synaptic/preferences, na hilo faili anayelisoma ni Synaptic tu. Apt yenyewe inasoma /etc/apt/preferences na vifaili vya /etc/apt/preferences.d. Fanya cat ya hilo la Synaptic, jina la pakeji yako utalikuta limekaa humo salama kabisa na hakuna aliyelitii. Mimi kwa maoni yangu hiyo menyu ilitakiwa iwe na onyo, maana mtu yeyote mwenye akili timamu akiona kufuli anaelewa limefunga mfumo.

Unachotaka wewe ni hiki:

sudo apt-mark hold linux-generic-hwe-22.04 linux-image-generic-hwe-22.04 linux-headers-generic-hwe-22.04
apt-mark showhold

Hold inaingia kwenye status ya dpkg yenyewe, na hilo faili apt inalisoma.

Wifi kwa sasa: restati, ingia GRUB, ile menyu ya kuchagua keneli wakati wa kuwasha (Shift kwa mashine ya BIOS, Esc kwa UEFI), Advanced options, chagua keneli ya zamani, itakuwa bado ipo, na draiva yako itakuwa imebaki nayo. Lakini jua kwamba hold haiondoi keneli mpya ambayo imeshaingia, na GRUB itaendelea kuipenda hiyo mpya kila ukiwasha. Weka GRUB_DEFAULT=saved na GRUB_SAVEDEFAULT=true kwenye /etc/default/grub, piga sudo update-grub, chagua ya zamani mara moja, itakumbuka.

Kabla sijaondoka, una uhakika ni wewe uliyeipandisha kwa apt upgrade? Angalia /var/log/apt/history.log, tafuta mstari wa Commandline juu ya sehemu keneli ilipoingia utubandikie hapa. Nauliza kwa sababu kama ungetumia apt-get upgrade ingeizuia yenyewe, apt-get upgrade haiongezi pakeji mpya na keneli mpya huja kama pakeji mpya, lakini apt upgrade inaruhusu.

kibatari_tz

Shangazi umenibariki, wifi imerudi, naandika kwa wifi hapa. cat ya lile faili la Synaptic kweli jina limo!

Na hii ya log imenishangaza:

Commandline: /usr/bin/unattended-upgrade
Install: linux-image-6.8.0-...

Saa yake ni alfajiri kabla ya mimi kugusa terminali. Halafu chini yake ndio kuna Commandline: apt upgrade ya kwangu, Requested-By jina langu, imeleta vitu vya LibreOffice na vikorokoro vingine, keneli haimo. Kwa hiyo hata mimi sikuwa nayo?

shangazi_deb

Ndio hivyo. Keneli za Ubuntu zinapita kwenye mlango wa masasisho ya usalama, na unattended-upgrades inakuja imewashwa tangu siku ya kuinstoo, kazi yake ni hayo hayo. Nayo haisomi preferences ya Synaptic, inasoma hold. Ungeweza usiguse terminali mwaka mzima ukae na Synaptic yako tu na bado keneli ingepanda. Hiyo history.log izoeeni jamani, kila anayepitia libapt anaandikwa humo, PackageKit utaiona Commandline: packagekit role='update-packages', mtu anaacha kugombana na kivuli.

Ila usije ukaishi na hold kwenye keneli. Ni masasisho ya usalama unayoyazuia hayo. Mwambie fundi wako aiweke hiyo draiva kwa DKMS, keneli mpya ikiingia inajikompaili yenyewe, halafu unapiga apt-mark unhold na hii habari inaisha. Asipojua DKMS tuma majibu ya komandi lsusb (orodha ya vidude vya USB) hapa tuone ni chipu gani.

mchonga_waya

Haya nimesoma fcntl. Swali moja, kwani nikiimaski tu hiyo packagekit, yaani nikiizuia isiwake kabisa, sudo systemctl mask packagekit, si nakuwa nimemaliza ugomvi wote? Mimi duka la programu silitumii kabisa.

samaki_mkavu

Unaweza, apt haiihitaji. Duka litakuwa halioni pakeji za deb tena na arifa za masasisho kutoka huko zitakufa, kama uko sawa na hilo poa. Lakini unattended-upgrades ni kitu kingine, haipiti PackageKit, hiyo itaendelea kukushikia kufuli kama kawaida.

Kwa wa Fedora ndio mngekuwa na sababu zaidi ya kuimaski, maana dnf 4 inaweka orodha zake /var/cache/dnf na PackageKit inaweka zake /var/cache/PackageKit, orodha zile zile zinashushwa mara mbili. Kwa mtu wa bando hiyo inauma.

nuru_mrima

Ya bando ina dawa bila kuimaski. nmcli connection modify "jina la koneksheni" connection.metered yes, yaani unaiambia mashine hii ni koneksheni ya bando, GNOME Software (duka la programu) inaheshimu, na unattended-upgrades nayo kwa kawaida inaruka koneksheni ya namna hiyo. Hotspoti ya Android NetworkManager mara nyingi inajikisia yenyewe, piga nmcli -f GENERAL.METERED dev show utaona yes (guessed). Kibatari hiyo ya waya wa USB iangalie isijekuwa inasoma no, ukamaliza bando.

kibatari_tz

Inasoma yes (guessed) dada, afadhali. Fundi nimempigia anasema DKMS anaijua ila ile siku alikuwa na haraka. lsusb: 0bda:8812.

shangazi_deb

Hiyo ni Realtek RTL8812AU. Akija hakikisha headers (mafaili ya kukompailia draiva) za keneli zote mbili zimo kabla hajaanza kukompaili, na mwambie afunge Synaptic kwanza.